Ratiba ya Kuskani na Folda Niliyoiruka

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaani kwetu Bakoba, mwanangu, kompyuta ya sebuleni inanguruma kama mashine ya kusaga, na binamu yangu Koku amekaa mbele yake kashika tama. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua nimekutangulia madarasa machache tu, lakini kwa wivu nilioupitia mwaka ule, nina haki ya kukuita hata mjukuu.

Koku alitoka Rubya, kule Muleba, kwa babu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaja kwetu kwa sababu sisi tuna kompyuta na intaneti, naye alitaka kuomba nafasi ya kusomea uuguzi. Kabla hajaja, fundi wa nyumba nilikuwa mimi. Printa ikikwama, naitwa mimi. Mama akitaka kuangalia picha za harusi ya shangazi, naitwa mimi. Koku aliposhusha begi lake na mkungu wa ndizi, jina langu likafutika. "Koku, hebu nichapie ratiba ya jumuiya." "Koku, wewe una mikono myepesi." Hata chai, mwanangu! Kikombe chake kilijazwa hadi ukingoni, changu kiliachiwa nafasi ya kupumua. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, tena nyingi, ila zote za kijinga.

Basi kompyuta ikaanza kuugua. Faili zinajificha, matangazo ya ajabu yanarukaruka kwenye kioo. Moyoni nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasimama mbele ya baba kama daktari wa wilaya.

"Baba, hii ni flashi ya Koku. Ugonjwa umetoka Muleba."

"Flashi yangu ina cheti na picha ya pasipoti tu," Koku akasema.

"Ndivyo wagonjwa wote wanavyosema."

Baba mwenyewe huzima kompyuta kwa kung'oa waya ukutani, kwa hiyo akaniambia nifanye ninaloona linafaa. Nilikuwa nasubiri hilohilo. Nikafungua antivirusi, nikaipanga iskani kompyuta nzima, kila kona, kila saa. Flashi ya Koku ilikuwa haichomekwi bila mimi kusimama nyuma ya kiti kama askari wa mpakani. Folda moja tu niliiambia antivirusi iiruke: ya kwangu, yenye muvi na gemu nilizorushiwa bure na rafiki yangu wa Miembeni. Niliogopa isije ikanifutia.

Sasa kompyuta ya kizee ukiipangia kila saa, inakuwa haijamaliza mzunguko mmoja, mwingine unabisha hodi. Haipumziki. Na Jumamosi ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo. Koku anabonyeza, kompyuta inatafakari. Fomu inafika katikati, ukurasa unaganda, anaanza upya. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Binamu, isimamishe hiyo skani hata kidogo tu. Nikichelewa leo nimekwisha."

"Usalama kwanza," nikamjibu, nikijiona mkubwa.

Siku hiyo babu alikuwa amekuja kutupogolea migomba nyuma ya nyumba. Babu hana mzaha na migomba. Ugonjwa wa mnyauko ulipopita kwao aliwaona majirani waking'oa kibanja kizima cha migomba, na tangu hapo panga lake halitoki mgomba mmoja kwenda mwingine kabla hajalipitisha motoni. Alipoingia ndani kunywa maji akaiona sura ya Koku, akauliza kuna nini.

"Waitu babu, huyu anakagua kompyuta nzima kutwa kucha, mpaka imenigandia," Koku akasema, kwa ile "waitu" yetu ya kusihi. "Na anakagua vya wote isipokuwa folda yake. Nimeona kwenye mipangilio."

Babu hajui folda, lakini kukagua anakujua.

"Na ya kwako ikague."

"Babu, ya kwangu ni safi."

"Nimesema ikague."

Nikaiskani. Mwanangu, virusi vilitoka mle kama senene kwenye taa! Muvi moja niliyokuwa nimeitunza niifungue likizo, kumbe haikuwa muvi kabisa, ni kirusi kilichovaa jina la muvi. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta. Babu hakucheka.

"Mtu anayekagua migomba ya jirani kutwa nzima, na ya kwake ameizungushia ua," akasema polepole, "huyo hatafuti ugonjwa. Anamtafuta jirani."

Sikujua uso niuweke wapi. Nikafuta vile virusi, nikafuta na ile ratiba yangu ya kila saa, kompyuta ikavuta pumzi, na Koku akatuma fomu kabla mama hajaepua ndizi za jioni. Nafasi aliipata. Sasa yuko chuoni.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Ule ulinzi wa antivirusi unaofanya kazi muda wote, uache umewashwa, na usasishe programu mara kwa mara. Huyo ndiye mlinzi wako wa getini. Ukaguzi mfupi kila siku unatosha. Ule wa kompyuta nzima fanya mara moja kwa wiki, saa ambayo hakuna anayeihitaji. Sisi tumeuweka Jumapili wakati wa misa, na tunaiacha imewaka, maana kompyuta iliyozimwa haikagui kitu. Flashi yoyote ikiingia ikaguliwe, hata iwe imetoka mfukoni mwa paroko. Zaidi ya hapo unachosha mashine na watu. Na usiruke folda kwa sababu tu ni ya kwako. Nyani haoni kundule, ndiyo maana anahitaji ratiba.

Wivu je? Nikisema umepona nitakuwa nakudanganya. Koku akipiga simu, mama anakimbia kupokea na mikono ina unga. Mimi nikiita kutoka chumbani naambiwa nije na miguu yangu. Ila siku hizi nikijisikia kumkagua mtu, najiuliza kwanza la kwangu nimelikagua lini, na mara nyingi hapo hamu inaisha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kompyuta yenye kasi na ndugu wasiokuzidi sana. Na wakikuzidi, akupe moyo wa kuwapisha kwenye kiti.