Raili na Gari Lililolala Nje

Raili Moilanen alipoambiwa kwamba jiko la nyumba ya wazee ya kijijini kwetu linafungwa, na kazi yake inahamia mji wa Kajaani, kilomita sabini na nane kutoka mlangoni kwake, aliuliza swali moja tu: "Kazi inaanza saa ngapi?" Wakamjibu saa kumi na mbili asubuhi. Akasema sawa, akaendelea kumenya viazi.

Mimi nilikuwa pembeni naosha sufuria. Nimeosha sufuria kando ya Raili miaka kumi na tisa, naijua hiyo "sawa" yake. Wakubwa waliokuja na makabrasha yao hawakuijua. Walimwona mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, gari lake la zamani limekufa tangu vuli na basi la kijijini limeshafutwa. Wakapiga hesabu zao: huyu atahamia mjini au ataacha kazi. Na kusema kweli walikuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Shule ilipofungwa watu walihama. Duka lilipofungwa wakahama wengine. Nyumba zimebaki na mapazia, ndani hakuna mtu. Mimi jambo hilo huniuma hadi leo, na sitaki kuambiwa kwamba ndivyo dunia inavyokwenda.

Wa kwanza kumpinga Raili alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Taisto ana miaka sitini na sita, ana gari kubwa la dizeli lenye magurudumu ya kufika kiunoni, na ana kiti chake kwenye meza ya wanaume pale sheli. Kila kijiji huku kina meza hiyo. Wastaafu watano au sita hukaa hapo tangu asubuhi na kahawa na donati, na kabla ya saa sita mchana wameshaamua mambo ya kila mtu isipokuwa ya kwao.

"Sabini na nane kwenda, sabini na nane kurudi," Taisto alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pampu. "Kila siku! Mwezi wa pili! Dada, umelogwa?"

"Nanunua gari," Raili akasema.

"Gari gani?"

"Dogo. Linalonusa mafuta na linalowaka asubuhi. Mengine sina haja nayo."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mzee Urho, aliyeendesha malori ya magogo maisha yake yote, akajifuta sukari mdomoni. "Mama, hivyo vibebiwoka ni vya kuendea saluni. Zikigonga nyuzi thelathini chini ya sifuri vinalia kama paka."

"Afadhali kinacholia, Urho. Wewe ukigongwa na baridi hutoki hata kitandani."

Walicheka tena, safari hii wakimcheka Urho. Lakini Taisto hakucheka. Alikizungusha kikombe chake, kisha akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ameshamwandikisha. Nyumba ya vyumba viwili, Kajaani, dakika tano kwa miguu kutoka kwenye jiko jipya. Wenye nyumba wanamshikia hadi Pasaka.

Raili aliweka kikombe chini polepole. "Umeniandikisha mimi?"

"Nani mwingine? Unataka tukuokote kwenye mtaro umekauka kama samaki?"

"Na hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Haya, sikilizeni wote, maana najua hamna kazi nyingine." Alisimama. Raili si mrefu, lakini akisimama hivyo watu huweka donati chini. "Nikichelewa kazini hata siku moja kabla ya Pasaka, nahama. Nafunga mlango, nawapa funguo. Nisipochelewa, wewe Taisto unawapigia simu watu wa nyumba kwa mdomo wako mwenyewe, unawaambia uliniandikisha bila kuniuliza."

"Siku moja tu?" Urho akauliza.

"Moja tu."

Nilimvuta mkono, lakini nilikuwa nimechelewa. Njiani nilimwambia ameweka rehani nyumba ya marehemu baba yake mbele ya watu waliokuwa wanasubiri donati zao zipoe. Na mimi kazi yangu imehamia huko huko, lakini sina leseni, macho yangu hayaniruhusu. Yeye akihama, mimi pia kazi sina. Akanijibu kwamba kwa hiyo tusichelewe.

Jumamosi ya katikati ya Januari tulipanda lori la maziwa hadi kwenye yadi ya magari nje ya mji. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri. Mwuzaji alitoka na koti jembamba na viatu vya ofisini, akatupeleka safu ya mbele. Magari yanang'aa. Aliwasha la kwanza, likawaka papo hapo. La pili hivyo hivyo, likatulia linanguruma taratibu. Mimi nilikuwa nimeshaganda miguu, na kwa upande wangu lile la pili lilitosha kabisa.

Raili alivua glavu, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Hili limelala wapi?"

"Hapa hapa nje, mama."

"Mbona lina joto?"

"Ah, hilo... tumelichomeka kidogo tu."

Huku kwetu kila gari lina kipasha joto ndani ya injini. Jioni unachomeka waya kwenye soketi ya nguzoni, na asubuhi hata gari bovu linawaka kama limetoka kiwandani jana. Kununua gari lililochomekwa ni kununua mbuzi kwenye gunia. Kila mtu analijua hilo tangu utotoni, na kila majira ya baridi kuna mtu anayeuziwa hivyo hivyo, kwa sababu amesimama kwenye theluji, anasikia baridi, na anataka kurudi nyumbani akanywe kahawa. Taisto mwenyewe aliwahi kuuziwa, ingawa ukimkumbusha atakuambia yule alikuwa rafiki.

"Waya zenu zinafika wapi?" Raili akauliza.

Mwuzaji hakuelewa swali. Akaonyesha nguzo: moja, mbili, mwisho safu ya tatu. Raili akapita safu ya tatu. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, theluji ikimfika magotini, mahali ambapo magari yalikuwa vichuguu vyeupe tu. Akafagia kimoja kwa mkono wa koti. Chini yake kulikuwa na Toyota Yaris nyekundu, ya miaka kumi na miwili, iliyokuwa ya mkunga mmoja wa huko kaskazini.

"Hilo bado hatujaliandaa," mwuzaji akasema akimkimbilia, viatu vyake vimejaa theluji.

"Usiliandae. Lete ufunguo."

"Mama, njoo Jumatatu, litakuwa tayari, litakuwa safi..."

"Mimi nikiamka saa kumi alfajiri kuna mtu atakayeniandalia? Lete ufunguo."

Mara ya kwanza lilitoa mlio mdogo tu, kisha kimya. Mara ya pili likakohoa. Mwuzaji akatazama viatu vyake. Mara ya tatu likashika, likatikisika lote hadi theluji ikaporomoka kutoka juu ya paa, likatoa moshi mweupe, likatulia. Raili alifumba macho akasikiliza dakika nzima. Kisha akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akalala chini kwenye theluji na tochi kutazama kutu. Mwuzaji alipata matumaini, akaanza habari za viti na redio.

"Redio sihitaji," Raili akasema kutoka chini ya gari. "Nina huyu hapa."

Huyo nilikuwa mimi. Tulirudi nyumbani nalo siku hiyo hiyo, na halikutumia zaidi ya lita tano kwa kilomita mia.

Basi tukaanza. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri naingia garini, na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi tuko jikoni Kajaani, tunafunga aproni. Kila siku, tukipita mbele ya nyumba ya Taisto, Raili alipiga honi mara moja. Nilimwambia huo ni ujeuri. Akasema ndiyo. Theluji ilianguka tukapita. Paa mkubwa wa msituni alisimama katikati ya barabara, tukamsubiri, akatutazama kama tunamdai, akaondoka, tukapita. Mwezi wa pili ukaisha hatujachelewa. Pale sheli walianza kunyamaza Raili alipoingia, na mimi nikaanza kufurahia kimya kile kuliko inavyompasa mtu mwema.

Kisha wiki tatu kabla ya Pasaka tukafanya kosa ambalo watu wa huku tu ndio hulifanya. Tulikuwa tunazozana kuhusu kiasi cha chumvi kwenye uji wa shayiri. Raili akaingia garini, mimi nikaingia, akaondoa gari. Tukasikia kishindo nyuma yetu. Waya ulikuwa bado umechomekwa. Soketi ilikuwa imeng'oka nguzoni, inaburuzwa na gari, inarukaruka kwenye theluji.

Siku hiyo tulifika kwa wakati. Lakini fundi umeme alisema atakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na jioni ile redio ikatangaza baridi ya nyuzi thelathini na sita. Tangu saa sita mchana meza ya wanaume ilikuwa imeshajua. Urho alisema Raili aanze kufunga vyombo kwenye masanduku, na yeye atasaidia kubeba.

Raili alifungua betri ya gari, akaibeba hadi ndani, akaiweka kando ya jiko la kuni. Boneti akaifunika mazulia mawili ya mama yake. Aliniambia kwamba gari lile alilipata limelala nje bila waya, na bila waya litawaka.

Nilipofika kwake alfajiri, matundu ya pua yangu yalikuwa yanashikana kila nikivuta pumzi. Alikuwa ameinama ndani ya boneti, tochi mdomoni, anafunga betri kwa vidole vitupu kwa sababu glavu zilikuwa nene mno. Ngozi ya kidole kimoja ilinata kwenye chuma. Akaivuta, ikabaki hapo, akaendelea. Akawasha. Kimya. Akangoja. Akawasha. Likakohoa, likafa. Akangoja tena, na nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na mbili, na dakika zetu kumi za akiba zilikuwa zimekwisha. Niliogopa, sitaficha. Niliiona ile nyumba ya mjini, na mapazia ya Raili yamebaki hapa bila mtu.

Mara ya tatu likashika.

Tulikuwa tumekata kona ya kwanza tu tulipoona mtu kwenye mwanga wa taa. Anakuja katikati ya barabara, kofia ya manyoya, ndevu zimekuwa barafu, anasukuma sleji, kile kigari cha kuteleza juu ya theluji. Juu ya sleji kulikuwa na betri kubwa ya gari, imeviringishwa blanketi na kufungwa kamba. Raili akasimama, akashusha kioo kidogo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako," Taisto akasema.

"Kufanya nini?"

"Nimesikia umeng'oa soketi. Nimekuletea betri."

"Na gari lako?"

Taisto akatazama msituni. "Dizeli imeganda."

Niliuma glavu yangu nisicheke. Raili hakucheka. Kaka yake alikuwa ametembea kilomita mbili kwenye baridi ile ili awashe gari alilolitukana miezi miwili mfululizo, na yeye aliliona hilo kama nilivyoliona mimi. Lakini saa haikusubiri.

"Panda."

"Basi unishushe nyumbani tukipita, ni hapo tu..."

"Mara ya pili sisimami. Na hapa utaganda. Panda!"

Akapanda nyuma, magoti yakamfika kidevuni, betri mapajani. Sleji tuliiacha kwenye theluji. Raili akafungulia joto hadi mwisho.

"Linapasha vizuri," Taisto akasema baada ya kilomita thelathini.

Akachungulia dashibodi kati ya viti vyetu.

"Linakula kiasi gani?"

"Tano."

"Haiwezekani."

"Basi shuka."

Hakushuka. Raili akamtazama kwenye kioo. "Simu unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Pasaka bado, dada."

"Pasaka ni lini najua. Piga."

"Saa hizi ofisi imefungwa."

"Mashine ya ujumbe hailali."

Nilisikia Taisto anavua glavu kwa meno, nikasikia namba zinabonyezwa moja moja. Akakohoa. "Habari za asubuhi. Mimi ni Taisto Moilanen. Nilimwandikisha dada yangu Raili kwenye ile nyumba ya vyumba viwili." Akasita. "Sikumwuliza."

"Kwa sauti," Raili akasema.

"Sikumwuliza! Mpeni mtu mwingine, huyu hahami." Nilidhani amemaliza, lakini hakukata. Alipumua kwenye simu, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya pale mezani. "Dada yangu ana kwao," akasema.

 Raili alikanyaga mafuta, kwa sababu bado tulikuwa na kilomita arobaini, na kazi ilikuwa inaanza saa kumi na mbili kamili.