Mtu Aliyemsikia Baba Akiimba

Siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi yananitoka siku hizi, hata miwani naitafuta ikiwa usoni. Ni siku ile kalenda ya Mheshimiwa, mbunge wetu, ilipofika nyumbani kwetu Uriri. Nilikuwa msichana wa shule. Kalenda hizo ziligawiwa kila boma, na Mama aliitaka kwa ajili ya tarehe. Baba akachukua wembe, akakata kichwa cha Mheshimiwa pichani taratibu, tarehe akaziacha. Ikaning'inia ukutani mwaka mzima hivyo hivyo, suti na tai bila kichwa, na sisi watoto hatukuthubutu kucheka.

Sababu tuliijua. Baba na Mheshimiwa walikuwa marafiki wa kufa kuzikana, wote wawili wachuuzi wa ng'ombe. Baba alipokitaka kiti cha ubunge, rafiki yake aliahidi kumpigia debe. Siku ya mchujo wa chama tukasikia rafiki ndiye mgombea. Tangu hapo jina lake halikutajwa kwetu. Akiongea redioni, redio ilizimwa. Baba alizeeka na hasira yake, akazikwa nayo, nami nikairithi nzima kama wengine wanavyorithi shamba.

Mwaka jana mke wa kijana wangu aliniletea kitabu alichoandika Mheshimiwa kuhusu maisha yake. Maskini, hakujua habari zetu, alidhani ananifurahisha. Nilikipokea, nikatafuta penseli, nikaanza kusoma ili nipige mstari chini ya kila uongo. Na uongo niliukuta, usidhani. Habari ya mchujo ameimaliza kwa sentensi moja, eti chama kiliamua. Penseli yangu nusura itoboe karatasi.

Lakini kabla ya hapo palikuwa na ukurasa wa ujana wao. Aliandika jinsi walivyokuwa wakienda pamoja soko la Ogwedhi kununua ng'ombe kwa Wamaasai, kisha wakiwaswaga hadi nyumbani. Ng'ombe wakikataa kuvuka mto, Owiti aliwaimbia, nao wakavuka. Akaongeza kwamba hajasikia tena sauti kama ile.

Owiti ndiye baba yangu, mwanangu. Na mimi sijawahi kumsikia akiimba. Hata kanisani alikuwa akishika kitabu cha nyimbo tu, mdomo ameufunga. Niliweka penseli chini. Hamu ya Baba ilinishika siku hiyo kuliko siku tuliyomzika. Wala si yule Baba wa wembe niliyemtamani, bali huyu kijana mwenye sauti, ambaye sikujaliwa kumjua. Nikatambua kwamba amebaki mtu mmoja tu duniani aliyemsikia, na mtu huyo ndiye adui yetu.

Nikaenda kwake Homa Bay. Nilimkuta mzee aliyekonda, blanketi magotini, anatazama ziwa. Ile suti ya kalenda sikuiona. Nikamwambia mimi ni nani.

"Nyar Owiti?" akasema. "Binti ya Owiti kabisa? Kaa, mama, kaa hapa karibu." Kisha, kabla chai haijafika, akauliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa ananitaja huko nyumbani?"

Ningeweza kumdanganya ili nimfariji. Ningeweza pia kumpa habari ya wembe, na sikatai, ulimi uliniwasha.

"Hapana," nikasema. "Hakukutaja hata siku moja. Lakini ng'ombe alikuwa anawafuata mpaka soko la Kegonga, mbali kule. Ogwedhi iko karibu na hakukanyaga tena. Tukimuuliza, anasema njia ni mbaya."

Mzee alifunika uso kwa mikono. "Hata mimi sikurudi huko," akasema. "Kura niliomba kila mahali, lakini Ogwedhi nilikuwa natuma watu."

Nikamwomba aniimbie ule wimbo. Maneno yalikuwa yamemtoka. Aliguna sauti ya wimbo tu, ikakatika, akaanza tena, ikakatika palepale. Kipande hicho ndicho nilichorudi nacho nyumbani. Mimi hukiimba nikipika.

Basi nakuambia, mwanangu: kitabu cha mwanasiasa kisome, hasa cha yule uliyefunzwa nyumbani kumchukia. Kisome na penseli yako mkononi, maana lazima atajipamba. Mimi kwa habari ya mchujo sijabadilika. Alimkosea baba yangu, na ningekuwa na kura siku ile nisingempa. Ila redio siizimi tena. Soma hadi mwisho, na ukikuta humo mtu wako, funga kitabu uende ukaulize mwenyewe. Usingoje kama nilivyongoja mimi, ukafika wimbo umebaki kipande.

Mungu akujalie wazee wako wakuimbie ungali nao. Na wakikunyima, akufikishe mapema kwa yule anayeukumbuka wimbo mzima, hata kama ndiye uliyeambiwa usimsalimie.