Picha ya Muuza Michembe

Tangu filamu za rangi zilipoanza kujaa tena madukani, mpiga picha wa soko la Bariadi hakuwangoja watu wajipange. Alifuta lenzi kwa pindo la shati, akakohoa kidogo, na kabla mtu hajageuka, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Lakini picha moja ilimnyima raha: mama muuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akicheka mdomo wazi, kitambaa cha kichwa kimemwangukia begani. Wiki mbili aliikwepa meza yake. Siku ya gulio akajikaza, akamwendea na bahasha yenye picha na filamu yake, akamwamkia kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu. Nilikupiga picha bila kukuomba.”

Mama aliitoa picha kwenye bahasha, akaitazama. “Na filamu yenyewe?”

Mpiga picha akaitoa filamu, akakata kipande chenye picha ile, akamkabidhi. Mama akakiinua juani, akakichungulia, kisha akamrudishia.

“Nisafishie nyingine kama hii, nimpelekee dada yangu kule Lalago. Tangu nimzike baba watoto, anadhani sijacheka hata siku moja.”

Mpiga picha alishusha pumzi, kisha akacheka kwa sauti ambayo wachuuzi wa pale hawakuwahi kuisikia.