Mdomo wa Foro Kwenye Ukuta wa Mbele

Mwanangu alipojenga nyumba ya etaji, ya ghorofa, hapa Kasongo, kitu cha kwanza alichobomoa ni foro yangu ya mikate, tanuru ya udongo iliyomlisha tangu utoto. Dhahabu ya machimbo ya Salamabila ilikuwa imemwingia mfukoni, basi foro ikaanza kumwaibisha. Alisema moshi utachafua ukuta. Nikamwachia ukuta wake.

Etaji yenyewe ni ya kusema tu. Mpaka leo juu hakuna chumba, ni vyuma vimesimama kama nywele za mtu aliyeamka vibaya, na mbuzi wa jirani hupanda ngazi kulala huko. Sisi wote tuko chini, katikati ya vigae vya karo na saruji. Kiangazi kikifika, mvua imekoma, ukungu wa mto Lualaba unapanda asubuhi na nyumba inakuwa baridi kama tumbo la chura. Hiyo ndiyo anaita nyumba ya kisasa.

Kiangazi kimoja mke wake akazaa kabla ya miezi kutimia. Mtoto msichana, mdogo kuliko mkate wangu, mishipa yote unaiona. Wauguzi wa maternite walimfunga kwenye kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, wakatuambia kwamba siku ya kumpeleka nyumbani chumba kiwe na joto usiku na mchana. Akipoa, atatuponyoka.

Sisi wa zamani hatukusumbuka na hilo. Mzazi alilala katika nyumba ya udongo, gogo linawaka karibu na kitanda, moshi unajitafutia njia katika nyasi za paa. Lakini chumba cha mkwe wangu kina dari ya plafo nyeupe, madirisha ya vioo, na juu ya plafo dali la zege, ile sakafu ya etaji. Moshi upite wapi?

Mwanangu akapanga. Alipanga sana. Kwanza akaagiza kutoka Bukavu mashine ya joto ya umeme, yeye anayekaa mji ambao umeme tunausikia tu kwa wasafiri. Akaiunga kwenye jenereta yake. Jenereta ikakohoa, ikazima. Halafu akaingiza chumbani mbabula, lile jiko la bati, imejaa makala ya miti yanayowaka, akafunga madirisha yote, akasimama mlangoni kama mtu aliyevumbua moto. Bahati mtoto alikuwa bado maternite. Nikaibeba mbabula ile kwa kitenge, nikaimwaga nje. Nikamwuliza kama amesahau wachimbaji wawili wa kulekule Salamabila, waliolala na mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa siku ya mvua na hawakuamka tena. Akajibu kwamba wale walikuwa katika kibanda cha turubai. Kama vile makala yanaogopa karo.

Mwishoni akaita masoni, fundi wa kujenga. Masoni akapima, akachora jiko la kuni ndani ya chumba na bomba la kutoa moshi. Bomba lipite kwenye dali? Mwanangu akakataa, etaji itavuja. Lipite dirishani? Akakataa, kile kioo kilitoka mbali. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Amejenga nyumba ya kutazamwa na wapita njia, hakuwaza hata tundu moja kwa ajili ya wanaolala ndani.

Nilikuwa pale nachagua mchele, nikawaza foro yangu. Moshi wa foro unatoka mdomoni, hautoki kwingine. Lakini mgongo wake ukiuegemea, una joto mpaka jioni. Nikawaambia mdomo uwe nje, mgongo uwe ndani ya chumba. Masoni akakuna kichwa, akasema inawezekana. Mwanangu akatikisa kichwa, maana chumba kile kina ukuta mmoja tu wa nje, nao ni ule wa mbele unaotazama barabara ya soko, aliouchorea maua ya bluu.

"Mama, watu watapita waone mdomo wa foro kwenye uso wa nyumba yangu? Watasema nini?"

"Watasema hapa iko mukate. Na tukizika mutoto, watasema nini?"

Akasema tungoje, labda baridi itapungua. Akangoja mpaka mkwe wangu akarudi na mtoto, wakaingia katika chumba kile cha chura.

Nikachukua mtaimbo. Ua la kwanza la bluu lilianguka kwa pigo moja. Mwanangu akatoka mbio, akaukamata upande wake, na mimi nikaushika wangu, majirani wamesimama barabarani wanatutazama. Hapo mkwe wangu akaja mlangoni, mtoto kifuani chini ya mablanketi. Yeye hana desturi ya kumpinga mumewe.

"Achia mama atoboe," alimwambia. "Miguu ya mutoto inaanza kupoa."

Akaachia.

Tulijenga kwa udongo wa kichuguu. Chini ya sakafu ya foro tukatandika chumvi na vipande vya chupa, ndivyo vinavyoshika joto. Chupa hazikukosekana, mwanangu ana wageni wengi. Udongo ulipokuwa unakauka tukapokezana mtoto kifuani, mama yake, mimi, hata baba yake, ameketi bila shati huku akiona haya. Kisha nikachoma majani mabichi ndani ya foro, nikaingia chumbani kunusa mgongo wake wote. Kila ufa uliovuja nikauziba, nikarudia mpaka pua yangu haikupata kitu. Ndipo tukawasha foro na kumlaza mtoto chumbani, kando ya mgongo wake.

Sasa yule mtoto anakimbia na kunijibu vibaya. Wageni wa baba yake wakitoka Salamabila, kwanza hununua mikate kwangu, pale ukutani, halafu ndiyo wanaingia kumsalimia. Mwanangu kila kiangazi anapaka rangi upya, na kila kiangazi ukuta unarudi mweusi.

Kiangazi kilichopita alikuja na kopo lake la rangi, akapita chumbani, akamkuta binti yake ameegemea mgongo wa foro anatafuna ganda la mkate. Akaweka kopo chini. Akaketi kando yake, na yeye akaegemea. Nilimwona kwa dirisha, kupitia kile kioo kilichotoka mbali. Nikarudi mdomoni mwa foro nikaongeza kuni mbichi kidogo, moshi upande vizuri kwenye maua yake.