Unabii Uliomnyamazisha Mama

Harufu ya kahawa inayochemshwa na majani ya porini, ile tunayoianika ili wageni watafune, mpaka leo hunipandisha mori. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Kwaresima imeanza na mvua zimekolea Buganguzi, wazee watatu wa ukoo walipoketi sebuleni kwetu wakitafuna kahawa ya mama yangu kwa adabu zote. Baba alikuwa amezama ziwani miezi miwili kabla, akirudi na dagaa kutoka kisiwa cha Goziba. Walipomaliza kutafuna walitoka nje, wakang'oa milamula, mimea tunayopanda mipakani na ambayo hakuna Mhaya asiyejua uzito wake, wakaipanda upya hatua chache kutoka mlango wa jiko. Kibanja chote, migomba na mibuni aliyoipalilia mama kwa mikono yake, kikawa cha baba mkubwa, kwa sababu mama alijaliwa binti tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo baba mkubwa ndiye aliyekuwa mbele kubeba jeneza la mdogo wake.

Mama hakuwa mtu wa kulialia. Alisema Jumatatu atapeleka shauri baraza la kata, akatoa hata gauni lake la kanisani akalipiga pasi. Jumapili jioni akaja katekista. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ndiye aliyenifundisha kusoma mbele za watu bila kutetemeka. Lakini jioni ile alikuwa ametumwa, na aliyemtuma hakumtaja. Alimweleza mama kwamba Isaya, karne nyingi kabla ya Kristo, alimwona Mtumishi wa Mungu akipigwa na kudharauliwa, akienda kuchinjwa kama kondoo asiyelia, na kwamba Yesu aliutimiza unabii huo kwa kuteseka kimya. "Nawe timiza sehemu yako, mama," alisema. "Subira huvuta heri." Heri ya nani? Jumatatu mama alilikunja gauni akalirudisha sandukuni.

Ijumaa Kuu nilichaguliwa mimi kusoma unabii huohuo kanisani. Baba mkubwa alikaa benchi la mbele, shati jeupe limenyooka. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoyaona ambayo katekista hakumwambia mama: kwamba Mtumishi yule alionewa, hukumu yake ilikuwa dhuluma, na waliopotea njia ni wale waliomtazama wakamhesabu si kitu. Nabii hakuwasifu wachinjaji hata kidogo. Nilipomaliza, baba mkubwa aliitikia "Tumshukuru Mungu" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Baada ya ibada nilimfuata katekista mlangoni, mama akiwa kando yangu.

"Mwalimu, kama mama ndiye kondoo, aliyeshika kisu ni nani?"

Watu waligeuka. Katekista alimtupia jicho baba mkubwa, kisha akanikazia macho mimi. "Mtoto hahoji Maandiko," alisema. Mama alinivuta mkono tukaondoka. Nilimkasirikia yeye kuliko wote, na naona aibu kuandika hivyo.

Leo naishi mjini, mtaa wa Kashai, nafundisha sekondari, na mama yuko nami. Yeye aliyekuwa akiwagawia majirani mikungu, sasa ananunua ndizi sokoni na kubishania ukubwa wa vichane. Bado naamini unabii ule ulitimia msalabani. Ila Yesu alinyamaza kwa hiari yake, akijua anautoa uhai wake kwa ajili ya nani. Mama alinyamazishwa, na anayeyafananisha hayo mawili anamtukana Kristo pamoja na mjane. Nawasikia wahubiri bado, kila Kwaresima, wakiwahubiria utulivu walionyang'anywa, wala sijawahi kumsikia hata mmoja akimhubiria mnyang'anyi.

Juzi nilimuuliza mama kama amemsamehe shemeji yake.

"Nilimsamehe zamani, mwana wange," alisema huku akimenya ndizi. "Katekista naye nilimsamehe. Lakini wewe ulinisemea mbele ya kanisa zima, peke yako, nami nikakuvuta mkono ili unyamaze. Hilo sijajisamehe."