Nilimlazimisha Mzee Ataje Jina Lake Kabla ya Dawa

Admin, weka kisa changu ila jina langu usilitaje, hata herufi ya kwanza. Nina miaka thelathini na nne, Mkongomani, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na watoto wangu bado wako huko kwa mama. Mimi nafanya kazi mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwenye nyumba moja inayotunza wazee na wagonjwa. Kazi yangu ni kufundisha wahudumu wapya kutoa dawa. Na niseme mapema, mimi ni mkali. Dawa si karanga. Nimeona mtu akipewa kidonge cha mwenzake, akaanguka bafuni akapasuka kichwa, kwa hiyo kwangu hakuna mchezo.

Sheria yangu ya kwanza ni kwamba mgonjwa ataje jina kwa mdomo wake mwenyewe. Usimsemee. Ukimwuliza "wewe ndiye fulani?" mgonjwa aliyechoka ataitikia hata jina la mbwa. Anataja, unalinganisha na kadi yake, ndipo unampa.

Wiki iliyopita nilikuwa na mwanafunzi mmoja, tumwite Dezire, kijana Mrundi kutoka Nakivale, mpole hadi wenzake wanamtania kwamba anabisha hodi hata chooni kwake. Asubuhi hiyo alikuwa anatoa dawa kwa mara ya kwanza mbele yangu. Chumba kile kina wazee wawili, wote Yohana, wote Warundi, na kadi zao zina herufi za kwanza tu za majina mengine. Mmoja anatumia dawa za sukari, mwingine alikuwa ametoka kupasuliwa mguu na maumivu yalikuwa yanamliza.

Dezire akamwuliza huyu wa mguu jina. Akajibu, "Yohana." Nikasema haitoshi, mko wawili, taja jina la nyumbani na la baba yako.

"Yohana inatosha, mama. Leteni dawa, mguu unaniua."

"Bila jina hakuna dawa."

Akanitazama jasho likimtoka, akamtazama Dezire, akageukia ukuta. Mtu mwenye akili angeona kwamba mzee anaogopa. Mimi niliona ubishi tu. Nikachukua kikombe cha vidonge mkononi mwa Dezire, nikakiweka dirishani, mbali naye. Maumivu yakamshinda. Akataja jina lake, la baba yake, na kwa hasira akaongeza kilima alikozaliwa, kama Warundi wanavyotaja kijiji.

Jina hilo siliandiki hapa.

Dezire alilirudia polepole, kisha akamrukia. Alimkaba koo kwa mikono miwili hadi macho ya mzee yakatoka. "Ni weye! Ulimukata papa mbele yetu! Mama alikuomba, ukamukata!" Nikamvuta shati, likachanika. Akanyakua mkongojo wa mzee akampiga nao kichwani, kifuani, juu ya mguu wenye mshono. Nilisikia mfupa ukivunjika. Damu iliruka hadi kwenye shuka za Yohana wa pili, ambaye hasikii vizuri, yeye alikuwa anapiga mayowe akimwita Bikira Maria. Nilipojitupa katikati, pigo moja likanipata mdomoni, jino likatoka. Nikamng'ata Dezire mkono kwa nguvu zangu zote, ndipo akaachia. Akakaa sakafuni penye damu, akalia kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sasa mzee yuko hospitali, Dezire yuko mahabusu, na tangu siku hiyo Dezire hajafungua mdomo kwa mtu. Mbali na yeye, aliyesikia lile jina ni mimi peke yangu. Askari aliniambia, "Mama, huyu kijana alivuta bangi ama ni wazimu? Muzee hana makosa, yeye napiga tu? Kuja Jumatatu useme yote, tuandike."

Mke wa Dezire alitoka Nakivale na mtoto mgongoni, akapiga magoti mlangoni kwangu. "Mama, bwana yangu hawezi kuchinja hata kuku. Weye ulikuwa pale, ulisikia. Ukinyamaza, batamufunga kama munyama tu."

Nikisema jina lile polisi, kabla jua halijazama litakuwa limefika Nakivale, na kesho yake kambi ya Oruchinga. Huko kuna watu waliozika ndugu zao kwenye vita vya Burundi, na hao hawatakuja na wakili, watakuja na panga. Na sijui kama kweli ni yeye. Majina hufanana, na Dezire alikuwa mtoto mdogo baba yake alipouawa.

Nikaenda hospitali kumwuliza. Uso wake umevimba, jicho moja halifunguki. Nikasema, "Mzee, ni kweli?"

"Ulitaka jina, nikakupa. Sasa unataka nini tena?"

Nilitamani kumpiga makofi palepale kitandani. Nilitamani pia kumwomba msamaha. Nikatoka bila kufanya hata moja.

Jumatatu ndiyo kesho. Nikisema, huenda nampeleka kwenye panga mzee asiye na hatia. Nikinyamaza, Dezire anaozea jela kwa hasira ambayo mimi ndiye niliyeiwasha, na yule mtoto wa mgongoni atakua bila baba kama baba yake alivyokua. Ninyi mnaosoma, hasa mliopoteza watu wenu vitani, msinionee huruma, matusi pia nitayapokea. Lakini niambieni leo, kabla hapajakucha: jina hili nilitoe, au nife nalo?