Kuku Aliyeponywa na Shubiri Yangu

Tangu Jumapili sipiti soko la Koboko, na kosa ni langu.

Tetea wangu alishikwa na mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima. Nikamnywesha maji ya shubiri, nikaenda Arua kikazi. Niliporudi, nilimkuta anachakura uani kama mwenye nyumba. Hata manyoya yalikuwa yamekoza. Nikasema hiyo ndiyo shubiri!

Baada ya ibada nikamwinua mbele ya wafugaji wenzangu. “Huyu alikuwa maiti!” Mke wangu akainamisha kichwa. Nikadhani ananiombea.

Mama mmoja muuza kuku akamkagua mguu.

“Hii kuku ilikuwa yangu. Kidole yake nilikata mimi, iwe alama. Bibi yako alinunua ukiwa Arua, akasema ile ya dawa ilikufa, na wewe utalia. Ukiponesha ingine, mwambie arudi. Nyeusi bado iko.”